Hizi tuzo za "wanawake wa kawaida wenye mchango wa kipekee" zinamsaidia nani hasa?

Mtoa mada

Wakuu habari za muda huu. Hii mada nimekaa nayo kama mwaka hivi naizungusha tu kichwani, leo nimeona niilete tuichambue, matusi tuweke pembeni tafadhali.

Mnazijua hizi hafla za kuwatambua wanawake wa kawaida, siyo mawaziri wala masupastaa, yaani nesi wa zamu za usiku, mwalimu, fundi, mama aliyebeba watoto wa ndugu zake baada ya msiba, dada aliyeanzisha kikundi cha kuweka na kukopa kikasimama. Jina linaitwa, anapanda stejini, anakabidhiwa tuzo ya kioo na shada la maua, picha, makofi, kwaheri. Sasa mimi nauliza, hii kitu inamsaidia yeye au inatusaidia sisi tunaopiga makofi?

Nasema hivi kwasababu nilishakaa kwenye kamati ya kuchuja majina ya tuzo za namna hiyo (waandaaji siwataji, sina ugomvi nao, watu wazuri tu) na kilichonichanganya ni fomu. Ndiyo, fomu. Sehemu ya "Kazi anayofanya" ilikuwa na mistari mitatu. Sehemu ya "Changamoto alizopitia" ilikuwa ukurasa mzima na chini yake wameandika kabisa, unaweza kuambatanisha karatasi nyingine. Sasa wewe unayempendekeza mtu utafanyaje? Utamwaga machozi. Tulipokea mafaili yanaliza kweli kweli, aliyefiwa, aliyeachwa, aliyeunguliwa nyumba, aliyelea wanne peke yake, na ukifika mwisho wa faili unajikuta hujui huyu mama anafanya kitu gani vizuri kuliko wenzake, unajua tu kwamba ameteseka kuliko wenzake.

Kulikuwa na faili moja jembamba. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ana daftari ameandika kila mtoto wa eneo lake na tarehe anayotakiwa kurudi kwenye chanjo, anayekosa tarehe anazungushiwa duara jekundu na kesho yake huyu dada yuko mlangoni kwao, kwa miguu. Alikuwa ameambatanisha kopi ya kurasa mbili. Maduara yote yamekatwa mstari, maana yake amewapata, isipokuwa moja ambalo pembeni kaandika "wamehama, nimeuliza, bado natafuta". Basi, hiyo ndo stori nzima. Hakufiwa, hakuachwa, au kama aliachwa hakuona linahusiana nini na chanjo. Mjumbe mmoja akasema stori yake haina mguso, tukapiga kura, akatoka. Na mkono wangu ulikuwa juu, sitaki kujisafisha hapa.

Afu siku ya hafla, mshindi wa mwaka ule, mama anauguza mgonjwa nyumbani, analea, na kazini anaenda kila siku, MC akamsogezea maiki akamuuliza, mama hebu tuambie siri yako ni nini? Akafikiria kidogo akasema, "Silali."

Ukumbi mzima makofi, vigelegele, wengine wamesimama. Mimi nilikuwa karibu namuona usoni, hakuwa anatania yule mama.

Ndo msimamo wangu huo, tuzo nyingi za aina hii zinasifia mzigo badala ya kuuliza kwanini mzigo wote uko kichwani kwa mtu mmoja. Karibuni, nipingeni.

Sikio la Kufa

Mkuu unakuza mambo. Mtu kapewa heshima yake wewe unatafuta kasoro kwenye fomu. Halafu mimi nina swali jingine kabisa, mbona hatusikii tuzo za wanaume wa kawaida? Wanaume nao wanalea, wanabeba mizigo, wanakufa na presha kimya kimya, hakuna anayewaletea hata kadi. Ubaguzi tu huu.

Mtoa mada

Ndugu yangu wapewe, nani kakataa, anzisha na mimi ntakuja kupiga makofi. Ila usilinganishe kama vile mizani iko sawa. Shirika la Kazi Duniani, ILO, walitoa ripoti mwaka 2018 ya kazi za matunzo zisizolipwa, kulea, kuuguza, kupika, kuteka maji, kufua. Ni saa bilioni 16.4 kwa siku moja, na hapo ni kwenye nchi 64 tu walizokuwa na takwimu zake. Wenyewe wakapiga hesabu kwamba ni sawa na watu bilioni 2 wafanye kazi saa 8 kila siku bila kulipwa hata senti. Na zaidi ya robo tatu ya hizo saa, asilimia 76.2, ni wanawake. Sa ukimpa mmoja kati yao tuzo ya kioo, hizo saa zimepungua ngapi?

Kalamu Nyeusi

Mtoa mada nakuheshimu ila leo sikubaliani na wewe, na ntaeleza kwanini, naomba unisome mpaka mwisho.

Mama yangu alisafisha wodi za hospitali miaka 26. Miaka 26 anaitwa "mama usafi" au "wewe pale". Mwaka wa kustaafu wakaamua kumpa cheti cha mfanyakazi bora, siku ile bosi wake akasimama mbele za watu akasoma jina lake la kwanza na la mwisho, na mama anasema ndo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia yule bosi akitamka jina lake. Kile cheti amekiwekea fremu, kiko juu kuliko picha yetu watoto. Unaweza kukaa hapo ukasema cheti hakilipi pensheni, sawa hakilipi, ila nenda kamwambie yeye kwamba hakina maana uone atakavyokutoa nje.

Mnaodharau kutambuliwa mara nyingi ni watu ambao mmeshatambuliwa sana. Asiyewahi kuitwa jina anajua thamani ya kuitwa jina.

Na kutotambuliwa siyo jambo dogo hata huko kwa wasomi. Jocelyn Bell Burnell mwaka 1967 akiwa bado mwanafunzi pale Cambridge ndo aliona kwenye yale makaratasi marefu ya vipimo alama za ajabu, zikaja kujulikana ni zile nyota zinazoitwa pulsa. Mwaka 1974 Nobeli ya fizikia ikatoka, msimamizi wake Antony Hewish akapewa kwa ugunduzi huo, pamoja na Martin Ryle kwa kazi yake nyingine ya darubini za redio. Yeye hakuna. Ilikuja kuwa 2018 ndo akapewa tuzo ya Breakthrough ya peke yake, dola milioni 3, na zote akazitoa ziwe ufadhili wa wanafunzi wa fizikia wanaotoka kwenye makundi yanayoachwa nyuma. Sasa kama jina la msomi wa Cambridge linaweza kurukwa hivyo, la msafisha wodi nani atalikumbuka bila mtu kukaa chini makusudi akaliandika?

Sikio la Kufa

Hapo kwenye mama usafi umenimaliza. Naendelea kusoma.

Mtoa mada

Kalamu Nyeusi hapo umenibana, na naona tofauti yetu ni ndogo kuliko nilivyofikiri. Mama yako alipewa cheti cha KAZI. Alisafisha, alisafisha vizuri, wakasema. Hakuna aliyemwambia asimulie alivyoteseka ndo apewe. Mimi nazungumzia zile ambazo bila kidonda hupiti.

Na lingine, tuzo siku zote ina mwenyewe na mwenyewe ana shida yake. Umoja wa Kisovieti mwaka 1944 walianzisha nishani ya Mama Shujaa, sifa yake uwe umezaa na kulea watoto 10 au zaidi. Wakati huo vita imewamaliza watu kwa mamilioni, nchi inataka watu. Kwahiyo ile nishani ilikuwa inamwangalia mama au inaangalia hesabu ya taifa? Ukiona tuzo yoyote jiulize anayetoa anataka nini kiendelee kufanyika bure.

Mvumilivu

Nilikuwa nasoma tu sikutaka kuchangia lakini imebidi.

Mimi nilipewa. Siyo hiyo ya mtoa mada, nyingine, miaka kadhaa iliyopita, nililea watoto watano ambao siyo wa kuzaa pamoja na wangu wawili, watu wakaandika, nikaitwa. Sitadanganya, usiku ule nilifurahi sana, nilivaa vizuri, watoto wangu waliniona kwa jicho lingine kabisa na hilo silisahau mpaka nakufa.

Ila acha niwaambie kilichofuata maana hafla zinaisha saa nne usiku na hakuna anayekuja kesho yake. Watu walianza kuleta matatizo yao mlangoni. Wewe si ndo mama wa mfano? Mtoto wa fulani kafukuzwa, kaletwa kwangu. Binti ana mimba nyumbani hawamtaki, kaletwa kwangu. Ndugu waliokuwa wananichangia kidogo kidogo wakaacha, wakijua nimepata, kumbe nilipata kioo na kitambaa cha kuvaa begani. Na kusema nimechoka siwezi tena, ntasemaje nimechoka na picha yangu imebandikwa ukutani imeandikwa asiyechoka?

Mwaka mmoja baadae waandaaji walinipigia nije nitoe hotuba kwa washindi wapya. Nikawauliza nauli? Wakasema tutaangalia. Nikawaambia na nani atabaki na mtoto mgonjwa? Kimya, afu yule dada akanijibu taratibu kabisa, "mama kwani wewe si huwa unaweza?"

Mnabishana tuzo ni nzuri au mbaya. Mimi kama mtu angeniuliza mwanzo kabisa nataka nini, ningesema mtu wa kuja mchana mara mbili kwa wiki akae na watoto nikalale. Hakuna aliyeuliza.

Kalamu Nyeusi

Pole sana mama. "Kwani wewe si huwa unaweza", hii sentensi ntakaa nayo wiki nzima.

Mtoa mada

Shikamoo mama Mvumilivu. Nimesoma mara tatu. Nilivyosimulia ile "Silali" ya yule mshindi ndo nilikuwa namaanisha hiki ila wewe umekisema kwa mwili.

Sasa watu wananiuliza huko chini, haya mkosoaji wa fomu, wewe ungefanyaje? Ntajibu kwa mfano siyo kwa maneno yangu. Wangari Maathai tunamjua kwa Nobeli ya Amani ya 2004, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Ila angalia alivyowafanyia wale kina mama wenyewe tangu alivyoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977. Walikuwa wanaotesha miche, wanapanda, na kwa kila mche ulioshika wanalipwa. Hela ndogo, ndogo sana, lakini ni malipo na yanahesabiwa kwa mche uliosimama, hakuna anayeulizwa maisha yake yamemtesa kiasi gani. Kufika wakati anapewa ile Nobeli miti ilishapita milioni 30. Ule ndo utambuzi naouelewa mimi, kazi imeonekana, imehesabiwa, imelipwa, na heshima ikaja juu yake.

Na upande wa pili kuna Aisilandi, tarehe 24 Oktoba 1975. Asilimia kama 90 ya wanawake wa nchi nzima waliamua siku moja hawafanyi kitu, ofisini hawaendi, nyumbani hawapiki, mtoto hawamgusi. Akina baba wakaenda na watoto kazini. Mashule yakafungwa, viwanda vikasimama. Mwaka uliofuata bunge likapitisha sheria ya usawa wa jinsia, na 1980 nchi ikamchagua mwanamke, Vigdís Finnbogadóttir, kuwa rais. Hakukuwa na mshindi wa kwanza wala wa pili siku ile, kazi yao ilionekana kwa kutokuwepo.

(Hata hii siku ya tarehe 8 Machi yenye maua mengi chimbuko lake ni wanawake wafanyakazi na madai yao ya saa za kazi, mishahara na kura. Maua yamekuja kuchomekwa baadae.)

Sikio la Kufa

Kwahiyo unataka mama Mvumilivu agome? Watoto watano wale nini siku hiyo? Unaongea kama mtu asiye na mgonjwa ndani. Mgomo wa Aisilandi uliwezekana sababu waligoma wote pamoja, wake ni wa mtu mmoja.

Mtoa mada

Hapo umesema kweli, nimekubali. Mmoja hawezi kugoma. Basi nirudi chini kabisa kwenye kinachowezekana, wenye hizi tuzo wageuze fomu, mistari mitatu iwe ya shida na ukurasa mzima uwe wa kazi. Na swali la mwisho kwenye fomu liwe, "unahitaji nini ili usifanye haya peke yako?", na kama hamna uwezo wa kumpa hata nusu ya atakachojibu, basi msimuite stejini. Hela ya ukumbi na mapambo inatosha kumlipa mtu wa mchana mara mbili kwa wiki kwa muda mrefu tu, hilo nimeliona kwenye bajeti kwa macho yangu.

Mvumilivu

Mkiweka hilo swali kwenye fomu, mtakayemuuliza atawajibu sihitaji kitu. Tumezoea hivyo. Muulizeni mara ya pili.

Kalamu Nyeusi

Mtoa mada nina swali la mwisho. Yule dada wa daftari la chanjo, mlishamrudia? Anaitwa nani?

Mtoa mada

Hatukumrudia.

Na jina lake, mkuu, nimejaribu tangu umeuliza. Nakumbuka yale maduara mekundu na ule mwandiko wa "bado natafuta". Jina silikumbuki.