MJADALA: Diwani hana fungu la barabara. Tumdai nini hasa?

Mkazi wa Bondeni

Wakuu, salaam. Naleta hoja ambayo najua itaniletea matusi, lakini hewala.

Kila masika huku kwetu Dar wimbo ni uleule: diwani yuko wapi? Mfereji umeziba, diwani. Kivuko kimekwenda na maji, diwani. Bomba limepasuka wiki nzima, diwani. Sasa nauliza: kati ya hayo, diwani ana amri juu ya lipi?

Barabara za mitaa zilitoka mikononi mwa halmashauri mwaka 2017 ilipoanzishwa TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. Maji ya vijijini yakahamia RUWASA, wakala wa maji vijijini, mwaka 2019, na sisi wa Dar maji ni ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Mbunge ana Mfuko wa Jimbo kwa sheria ya mwaka 2009; diwani hana kitu cha namna hiyo. Mkurugenzi wa halmashauri anateuliwa na Rais. Diwani amebakiwa na kiti barazani, uenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata na simu isiyokoma kuita. Na michango ya misiba, maana ukishakuwa diwani kila msiba wa kata ni wako.

Msimamo wangu: tuache kumpima kwa lami. Tumpime kwa mawili. Je, anawaleta wenye mafungu wakae mbele yetu tuwaulize? Na akitoka barazani, anarudi kutusomea kilichoamuliwa? Wa kwetu (simtaji) hajafanya hata moja, ila alimwaga kifusi malori mawili watu wakapiga makofi. Mvua ya kwanza ilikipeleka mtoni.

Fundi Bomba

Mkuu unamtetea bure. Kwenye kampeni alisema "nitajenga", hakusema "nitawaitia mhandisi". Kama anajua hana fungu, kwa nini aliombea kura ahadi za fungu?

Halafu taka je? Hizo bado ni za halmashauri, na sheria ndogo ya ada ya taka wanaipitisha madiwani wenyewe. Kwetu gari la taka limekuwa kama mwezi wa Ramadhani, mpaka uandame, lakini mtu wa risiti hakosi. Hapo naye aisingizie TARURA?

Mama Genge

Wa kwetu anapatikana WhatsApp tu. Grupu lina maadmini wote watu wake. Uliza habari za zahanati iliyoishia kwenye lenta, unatolewa. Halafu kuna bibi jirani yangu ana kiswaswadu, simu ndogo isiyo na WhatsApp, maji yameingia chumbani mwake. Yeye atalalamikia wapi?

Tandale Boy

Mleta mada, sema ukweli. Unataka kugombea?

Mjumbe Mstaafu

Nimewahi kukaa kwenye kamati ya mtaa, kwa hiyo niruhusuni nikaripie pande zote.

Ni kweli mikutano haiitishwi inavyotakiwa. Mtaa unapaswa kukutana angalau mara moja kila miezi miwili, na mapato na matumizi yasomwe. Lakini ikiitishwa, mnakuja? Spika inapita mtaa mzima, wanakuja wazee na akina mama. Vijana mnaonekana siku ya mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, na siku mnayotaka barua yenye muhuri wa mwenyekiti.

La pili ndilo kubwa: mnalalamika wakati mbaya. Vipaumbele vinaibuliwa mtaani, vinapanda kwenye kamati ya kata, ndipo viende halmashauri. Baraza la bajeti hukaa mapema mwaka, na mwaka wa fedha unaanza Julai. Mkipiga kelele Aprili maji yakiwa magotini, bajeti imeshapita. Hapo diwani hata akiwa mwema kiasi gani, atakachopata ni pesa ya dharura, kama ipo. Kelele za Septemba na Oktoba ndizo zinazoingia kwenye makabrasha. Lakini Septemba kumekauka, nani anakumbuka mfereji?

Mvita Damu

Nawasoma nikiwa Mombasa. Huku katiba ya 2010, kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, na kweli twaitwa. Waingia ukumbini, wapewa kabrasha la bajeti la Kiingereza papo hapo, watia sahihi ya kuhudhuria, wanywa soda. Ushashirikishwa hivyo. Na MCA, ndiye diwani wa huku, naye si mtekelezaji, kazi yake ni kutunga sheria na kuikagua serikali ya kaunti, lakini sisi twamdai basari na taa za mtaa. Msitutamani sana.

Mkazi wa Bondeni

Tandale Boy, sina hela ya fulana.

Fundi, kwenye taka hana pa kujificha, hilo liandikwe kabisa.

Mzee Mjumbe, shikamoo. Hiyo ya Septemba ni kali, lakini lawama umeitupa upande usio wake. Nani alipaswa kutuambia kwamba kuna kalenda? Ibara ya 146 ya Katiba yetu ya Tanzania inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kalenda ya bajeti ibandikwe ukutani ofisi ya kata, kipaumbele cha kila mtaa kiandikwe, na kilichokatwa kionyeshwe kimekatiwa wapi: kwenye kata, barazani au huko TARURA. Hiyo inahitaji karatasi na gundi. Diwani ndiye mwenyekiti wa kamati ya kata, nani atamzuia?

Kwa wengine: kuna kata ambayo diwani alimleta mhandisi mkutanoni akaulizwa akajibu? Tuelezeni ilikuwaje.

Mjumbe Mstaafu

Marahaba. Vipaumbele vya mtaa wako vimo kwenye muhtasari wa kamati ya kata, na katibu wa kamati hiyo ni mtendaji wa kata. Kauombe. Na vikao vya baraza la madiwani ni vya wazi, nenda ukakae nyuma usikilize. Hawatakufukuza. Watakushangaa tu, kwa sababu hamjazoea kwenda.