Naomba ushauri: somo la Ufalme linakwama 1 Wakorintho 15

Bwana asifiwe wapendwa. Darasa la Biblia hapa Moshi lina dakika 45, mada ni Kanisa kama ufalme wa Kristo wa sasa. Tunapita Danieli 2:44, Marko 9:1, Matendo 2:30-36. Wakolosai 1:13 haina ubishi: "alituokoa... akatuhamisha" kutuingiza katika ufalme wa Mwana, jambo limeshatendeka.

Kwenye 1 Wakorintho 15:24 ndipo moto unawaka. Wakisikia "atakapompa Mungu Baba ufalme wake" wanadhani ndipo unaanza, kumbe hapo Kristo anaukabidhi. Mstari wa 25 unasema sharti amiliki hata maadui wawe chini ya miguu yake. Akitokea mmoja kugusa Ufunuo 20 (ile miaka elfu ya kutawala na Kristo), basi, kipindi kimeisha.

Je, nianzie mstari wa 25 ndipo nirudi 24? Na Matendo 14:22, inayotazama mbele (kuingia ufalme wa Mungu kwa dhiki nyingi), niiweke wapi?