Mauser 9.3x62 ya marehemu babu: tuisafishe vipi bila kufuta alama zake?

Mjukuu_Kilosa
Wakuu, habari za jioni. Mirathi ya babu imefungwa na leseni mpya imetoka kwa jina la baba mdogo, hivyo bunduki ya kuwindia imerudi nyumbani. Ni Mauser ya bolti (komeo la kuvuta kwa mkono), ya risasi za 9.3x62 (unene wa kichwa na urefu wa ganda kwa milimita), iliyokaa miaka mingi ndani ya ala ya ngozi. Mtutu una kutu nyekundu kwa nje. Shingo ya kitako imeshonewa ngozi ya pofu, na pembeni kuna alama 14 alizochonga babu. Ukoo mzima unajua kila moja ni ya mnyama gani. Zipo pia risasi 9 za zamani zenye ukoko wa kijani. Seremala anashauri tupige msasa na vanishi. Tumsikilize?

FundiChuma
Msasa hapana kabisa. Ukipita, alama 14 zimekwenda na hazirudi.

Kazi yote aifanye baba mdogo, maana leseni ni yake. Aelekeze mtutu pasipo na mtu, avute bolti, atazame chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa) na magazini, kisha apapase chemba kwa kidole kidogo. Kwenye kiza jicho hudanganya. Bolti hutoka kwa kuvuta kile kifungo cha ubavuni kushoto huku unairudisha nyuma. Achungulie mtutu kutokea nyuma kuelekea mwangani. Bunduki iliyokaa hivyo mara nyingi nyigu wameshajenga udongo ndani.

Kutu ya nje: paka mafuta mepesi ya bunduki, acha saa 24, kisha sugua polepole kwa sufi ya chuma namba 0000. Ile ya kusugulia masufuria ni nene mno, itaondoa na weusi wa chuma. Wekundu ukitoka, simama hapo. Msiipeleke kupakwa weusi upya, kwa sababu chuma husuguliwa kwanza na mihuri ya kiwandani hufifia.

Ndani ya mtutu ndiko kwenye shida hasa. Fataki (viwashio vya kitakoni mwa risasi) nyingi za kabla ya miaka ya 1950 ziliacha chumvi, na mafuta hayayeyushi chumvi, ndiyo maana mtutu uliopakwa mafuta vizuri bado unaliwa. Vueni kitako, mimineni maji ya moto sana kwa mpira kutokea chemba, kama lita moja, kausheni kwa vitambaa hadi kitoke kikavu, mpake mafuta hapo hapo. Ufito wa kusafishia uingie kwa nyuma. Ukiingilia mdomoni unachakaza ukingo wa mtutu na shabaha inapotea.

Ala ya ngozi itunzeni kando, tupu. Ngozi hunyonya unyevu, na dawa zilizoilainisha hula chuma.

Mninga
Naongezea upande wa mti. Hiyo ngozi ya pofu msiikate wala msiilowanishe. Ilishonwa ikiwa mbichi, ikikauka hujikaza kama kibano, na chini yake karibu kila mara kuna ufa. Bunduki hii hurudi nyuma kwa nguvu; skrubu zikilegea, mti wa nyuma ya mkia wa chuma (ncha ya nyuma ya mwili wa bunduki) hupasuka. Babu yenu aliitibu vizuri.

Kitako kifuteni kwa kitambaa kikavu, halafu matone machache ya mafuta ya kitani kwa kiganja, mfute baada ya dakika 20. Kwenye alama tumieni mswaki laini, mafuta yasigande ndani. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani vianikwe nje vikiwa vimetandazwa. Vikirundikwa hupata joto na kuwaka vyenyewe.

Kabla ya yote, wekeni karatasi nyembamba juu ya alama, sugueni penseli zitokee, na kila moja iandikwe mnyama wake wakati wanaojua wapo.

Nyika_Kavu
Risasi ya 9.3x62 ilibuniwa na Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, mwaka 1905. Walowezi wa makoloni ya Kijerumani, huku kwetu ikiwemo, walihitaji bunduki ya kutosha nyati na tembo, na zile za mitutu miwili kutoka Uingereza zilikuwa ghali. Yeye akatumia Mauser 98 ya kawaida. Kichwa kina gramu 18.5 na hutoka kwa takriban mita 720 kwa sekunde. Tazameni mihuri karibu na chemba: taji juu ya herufi U na G ni ukaguzi wa Ujerumani wa kabla ya sheria ya 1939, tai juu ya N ni baada yake.

Mjukuu_Kilosa
Asanteni sana wakuu. Skrubu ya nyuma imefunikwa na ile ngozi. Na namba ya bolti si sawa na ya mwili.

FundiChuma
Basi kitako kibaki. Viringisheni taulo kwenye mti, mdomo wa mtutu uelekee chini, maji yapite kwa mpira mwembamba uliobana chemba.

Namba kutofautiana ni jambo zito: bolti ilibadilishwa. Isipigwe hata risasi moja mpaka fundi bunduki apime nafasi kati ya bolti na chemba kwa geji. Ikizidi, ganda hukatika karibu na kitako chake na gesi humrudia mpigaji usoni.

Zile risasi 9 msizipige, wala msizing'arishe kwa dawa yenye amonia, hupasua shaba. Baba mdogo azikabidhi kituo cha polisi.