Springi ya Fuso, ekseli au nondo: ipi ifuliwe nyundo ya kubandulia ganda la welding?

Ng'wana_Nyakato: Wakuu, habari za mchana. Nyundo za dukani zimenichosha, ncha inajikunja mapema. Nataka kufua yangu. Muuza vyuma chakavu kaniwekea vitu vitatu hadi jioni: jani la springi ya Fuso, kipande cha ekseli na nondo nene. Nichukue kipi?

Sato_Mbichi: Nondo. Rahisi, inafulika kama ugali. Au tafuta tupa kuukuu.

Fundi_Igogo: Nondo iache kwenye zege. Nyingi zina kaboni kidogo, hata uipashe na kuizamisha majini vipi haikazi. Mleta mada, hujasema moto wako ni wa nini, wala mpini utaufungaje.

Ng'wana_Nyakato: Mkaa na feni ya kuzungusha kwa mkono. Mpini nitachomelea kipande cha bomba.

Mwaloni_Karakana: Sato, hiyo tupa usimshauri mtu. Hapa Kirumba, karakana ya jirani, kijana alifua nyundo ya tupa. Ilipendeza kweli. Akaizamisha kwenye maji ikiwa nyekundu, akaing'arisha kwa grenda, akaingia nayo kazini saa ileile bila kuirudisha motoni kupunguza ukavu, yaani ule wepesi wa kumeguka. Alikuwa anasafisha mshono wa kitako cha injini ya boti, na wala hakupiga kwa nguvu. Pembe ya ncha ikaruka, ikamwingia mkononi juu kidogo ya glavu. Hospitali hawakuiona mpaka walipompiga picha. Tupa ina kaboni karibu asilimia 1, ukiiacha kavu vile lazima imeguke. Na miwani ilikuwepo, kaivaa utosini!

Fundi_Igogo: Ndiyo maana nasema springi. Kaboni kama asilimia 0.6, na kromu kidogo. Pasha mpaka sumaku isishike, ongeza moto kidogo, zamisha kwenye oili. Kisha ing'arishe, upashe taratibu kuanzia katikati mpaka rangi ya bluu ifike nchani.

Mzee_wa_Pasiansi: Springi iliyotupwa huwa na ufa usioonekana. Halafu huyu anachomelea mpini. Chuma cha kaboni hiyo kikichomelewa kibaridi kinapasuka pembeni mwa mshono. Ekseli inavumilia zaidi, na ina unene.

Fundi_Igogo: Mzee wangu, shikamoo, ila atoboe tundu aweke mpini wa mti, yaishe.

Mama_Grenda: Bomba lenyewe ni la mabati? Kwangua zinki kwanza, moshi wake unaleta homa.

Sato_Mbichi: Atakunywa maziwa.

Mama_Grenda: Maziwa hayazuii kitu. Hewa ndiyo dawa, afanyie nje.

Sato_Mbichi: Mimi miaka yote nakunywa na nipo.

Mzee_wa_Pasiansi: Marahaba Fundi. Warongo wa Geita waliyeyusha chuma kutoka kwenye mawe, sisi tunabishania maziwa.

Ng'wana_Nyakato: Wabeja wakuu. Bomba ni la mabati kweli. Oili chafu ya injini inafaa kuzamishia, au lazima mpya?

Sato_Mbichi: Hiyo feni ya mkono uliipata wapi? Naitafuta.