Naomba ushauri: programu huria yetu imekua, nani awe na usemi wa mwisho?

Assalaam aleikum ndugu zangu. Tuko Mombasa, tunatengeneza programu huria (yeyote aweza kuona na kuboresha msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha) ya daftari la mauzo na madeni kwa wenye maduka, wengi wao wa Kongowea na Likoni. Wachangiaji wameongezeka na kila mmoja anavutia kwake. Kijana mmoja ametuletea msimbo wa kulipa mishahara, safi kabisa. Lakini muuza nafaka anachotaka ni kuandika "mama wa chapati, unga kilo 2, atalipa Ijumaa", tena bila intaneti. Naona mishahara ikae pembeni kama programu-jalizi (kipande cha ziada anachoongeza anayekihitaji), ila naogopa kumvunja moyo, maana ni hodari kweli.

Halafu kuna uamuzi. Mwanzilishi ndiye anayepitisha kila badiliko. Akisafiri, kazi inalala. Wenzetu wa Python, lugha ya kuandikia programu, baada ya mwanzilishi wao Guido van Rossum kung'atuka 2018, walichagua baraza la watu 5. Debian, mradi wa mfumo huria wa kuendesha kompyuta, wana katiba tangu 1998. Sisi ni wachache mno kwa katiba ndefu. Je, baraza la watu 3 latosha? Na mipaka ya programu (ifanye nini, isifanye nini) tuiandike kwanza, au tuliachie baraza? Mliopitia haya, nielekezeni tafadhali.