Mdogo wangu kadakwa Sauzi, kuna mtu anataka tutume hela usiku huu ili atoke. Naomba ushauri wa haraka

DadaWaPangani:
Wakuu habari za jioni, naomba mnisome mpaka mwisho maana hapa nilipo kichwa hakifanyi kazi kabisa. Mdogo wangu yuko Johannesburg, ni kinyozi, yuko kule miaka sasa. Jana msako umepita mtaani kwao, walikuja metro, yaani polisi wa jiji, na watu wa uhamiaji wakazoa watu saluni, kwenye maduka ya simu mpaka wauza matunda wa barabarani, na yeye yumo. Hayo nimeambiwa na mwenzake wa saluni, yeye wakati huo alikuwa ametoka kwenda kununua umeme, aliporudi akakuta geti limefungwa na mashine ya kunyolea bado inaunguruma mezani. Simu ya dogo haipatikani toka jana.

Sasa leo mchana kapiga mtu kwa namba ya Sauzi, anaongea Kiswahili safi cha kwetu, anajiita wakala. Anasema dogo yuko kituoni, yeye anajuana na mkubwa wa pale na tukituma randi 6,500 kabla ya saa nne usiku anatoka leo leo. Ikipita hapo anapelekwa Lindela, kizuizi cha wahamiaji, na hatutamuona mpaka apigwe PI, yaani afukuzwe nchini. Hela anataka tumpe mtu wake Kariakoo kwa shilingi, kule watatoa randi. Mama ana presha, keshampigia mjomba kuulizia nani anaweza kununua minazi haraka.

Naombeni kujua, dhamana kule inalipwa hivi kweli? Na ubalozi wetu unaweza kumtoa? Sina uhakika makaratasi yake yako sawa, sijawahi kumuuliza na yeye hasemi.

---

Mzigua_Jobegi:
Dada pole sana. USITUME HATA SENTI TANO USIKU HUU, na mwambie mama minazi aiache ilipo.

Niko huku Jobegi na hao mawakala tunawafahamu, msako ukipita tu wanazunguka mtaani wanaokota majina ya waliobebwa, wanapata namba ya nyumbani kwa jamaa wa dukani halafu wanapiga. Wengine wala hawajui aliyekamatwa yuko kituo gani. Akipiga tena muulize vitu viwili tu, kituo gani na kesi namba ngapi. Kila kesi inayofunguliwa polisi huku inapewa namba, inaanza na jina la kituo, halafu CAS, halafu namba, mwezi na mwaka. Mtu anayejuana na mkubwa wa kituo hawezi kukosa hiyo. Akianza kufoka au kukwambia unapoteza muda basi umeshamjua.

Dhamana ya kweli inalipwa kituoni kwenyewe au mahakamani, dirishani, na unapewa risiti ya serikali yenye jina la mtuhumiwa. Hiyo risiti itunzwe kama pasipoti maana kesi ikiisha na mtu alihudhuria tarehe zake zote hela inarudi, hata kama kakutwa na hatia. Dhamana ya kupitia Kariakoo haipo dada.

Na cha pili, kabla ya kuwaza hela, jua kwanza dogo yuko mikononi mwa nani. Metro wakikamata mtu hawakai naye, wanamkabidhi kituo cha polisi wa kawaida, SAPS. Akifika pale ndo njia zinagawanyika, ama amefunguliwa kesi, ama ameshikiliwa na uhamiaji asubiri kurudishwa, na mara nyingi vinaanza na kimoja vinaishia na kingine. Kama ni kesi unatafuta dhamana. Kama ni uhamiaji hiyo dhamana ya polisi haina kazi, hata ulipe milioni mtu haondoki. Ndo maana hao jamaa wanakimbilia kuchukua hela usiku kabla hujajua.

Mwenzake wa saluni makaratasi yake yako hai? Kama hayako hai ASIENDE kituoni kuulizia, atabaki hukohuko. Tafuta mtu mwenye permit au kitambulisho cha huku, vituo vya karibu na saluni havizidi viwili vitatu, aende na jina la dogo kama lilivyoandikwa kwenye pasi, siyo jina la mtaani. Watu wengi hawapatikani kwa sababu ndugu wanaulizia "Chogo" wakati kwenye kitabu kaandikwa majina matatu ya babu zake.

---

DadaWaPangani:
Asante sana kaka, umenitoa mbali. Mwenzake makaratasi hana. Ila kuna mama mmoja wa Kitanga anapika chakula jirani na saluni, ana permit, nimeshapata namba yake. Mama hapa anauliza wanaweza kukaa naye mpaka lini bila kumpeleka mahakamani?

---

wakili_wa_kona:
Pole dada. Nimefanya kazi na ofisi ya mawakili Pretoria kwa muda kwa hiyo hili nalifahamu vizuri.

Katiba ya Afrika Kusini kifungu cha 35 inasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, na zikiishia nje ya muda wa mahakama inasogea siku ya kwanza ya kazi. Ndo maana wanaokamatwa Alhamisi jioni au Ijumaa wengi wanasimama Jumatatu, hapo hajasahauliwa, ni kalenda tu. Akifika siku hiyo mwendesha mashtaka anaweza kuomba muda kabla ya dhamana kusikilizwa lakini siyo zaidi ya siku 7 kwa mara moja.

Kwa upande wa uhamiaji, sheria yao namba 13 ya mwaka 2002 kifungu cha 34 inaruhusu kumshikilia mtu asiye na kibali siku 30, zikizidi lazima hakimu atoe hati na anaweza kuongeza zisizozidi 90. Zamani watu walikuwa wanakaa bila kumuona hakimu kabisa. Mwaka 2017 Mahakama ya Katiba ikasema hapana, hata aliyeshikwa kwa uhamiaji tu apelekwe mbele ya hakimu ana kwa ana ndani ya saa 48. Kesi hiyo ilifunguliwa na Lawyers for Human Rights, ni shirika lipo mpaka leo na linasaidia wahamiaji bure, watafuteni. Kwa kesi ya jinai kuna Legal Aid South Africa, wakili wa serikali, na uraia hawaangalii ila kipato. Dogo siku ya mahakama akiulizwa ana wakili aseme hana uwezo, anaomba wa Legal Aid. Na Kiingereza kama hakimkai vizuri aseme anaomba mkalimani wa Kiswahili, ni haki yake, asione aibu na asiitikie tu yes yes kwa kitu hajakielewa. Nimeona mtu anaitikia shtaka ambalo siyo lake kwa sababu ya aibu hiyo, iliniuma sana.

Ubalozi sasa. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kibalozi, ibara ya 36, unasema mgeni akikamatwa aambiwe bila kuchelewa kwamba ana haki ya ubalozi wake kujulishwa, na AKIOMBA polisi lazima wajulishe. Asipoomba wao hawalazimiki kupiga simu. Ubalozi unaweza kumtembelea, kuhakikisha yuko hai na anatendewa haki, kuwajulisha nyinyi, kuwapa majina ya mawakili. Ubalozi hautoi mtu rumande, haulipi dhamana, hausimami kumtetea mahakamani. Ukilijua hilo mapema hutakaa siku nzima kwenye simu unasubiri kitu ambacho hawana uwezo nacho.

---

Chuga_mpaka_Durban:
Mimi nimekaa ndani huku, siyo Jobegi, mji mwingine na kituo sitakitaja. Niongeze ya kule ndani maana nyie wa nje hamuyaoni.

Ukiingia wanakunyang'anya simu, mkanda, kamba za viatu, wanaandika kwenye kitabu. Namba za watu zote ziko kwenye simu na simu imeondoka, kichwani huna hata moja. Ukiambiwa piga huna wa kumpigia. Kwa hiyo ukimya wa dogo dada usikufanye uwaze mabaya, wengi tunakwama hapo.

Sasa kitu kikubwa. Asubuhi anaweza kuja askari, anaongea kwa upole, anakwambia lipa faini kidogo hapa usaini uende nyumbani, mahakamani huendi. Wanaiita admission of guilt. Kwa mtu aliyelala sakafuni kwenye saruji baridi hiyo ni kama mlango wa peponi. Lakini maana yake umekubali kosa na inaweza kukuachia rekodi ya jinai, siku unaomba permit au kazi inakutokea. Niliokuwa nao wengi walisaini hata hawajasoma, kalamu inazunguka tu mkono kwa mkono. Huyo mama wa Kitanga akifanikiwa kumuona amwambie mapema, karatasi yoyote uliza kwanza ni ya nini, kama ni ya kukiri kosa sema nataka wakili. Faini ile siyo dhamana na hairudi.

---

Baba_Furaha_Bukavu:
Dada pole sana na mama pia. Mie ni Mkongomani, niko huku na makaratasi ya ukimbizi. Hayo maneno ya ubalozi ni mazuri lakini siyo kwa kila mtu. Kuna ndugu zetu, Wakongomani, Warundi, wengine Wasomali, walikimbia serikali yao. Huyo ukimwita ubalozi wake umemuonyesha kwa watu aliowakimbia. Mwenye ile pepa ya seksheni 22, ya waombaji hifadhi, aionyeshe hiyo, hata kopi, hata picha kwenye simu ya rafiki, na aseme mimi ni muombaji hifadhi, halafu atafute mwanasheria wa wakimbizi kwanza. Naliandika kwa wengine watakaosoma hapa. Kwako kama kijana ni Mtanzania wa kutafuta maisha tu basi fuata walivyosema.

Na kingine, Lindela siyo mahali pa kupotelea mtu. Ipo Krugersdorp, magharibi ya Jobegi, ni ya Home Affairs, wizara ya mambo ya ndani ya huku, watu wanarudishwa makwao kutoka pale. Kinachochelewesha wengi ni uraia. Mtu hana pasi, ubalozi wake unatakiwa kwanza uthibitishe huyu ni wetu ndo umpe hati ya safari. Tafuteni kopi ya pasi yake, cheti cha kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha taifa, vikae tayari kwenye simu.

---

DadaWaPangani:
Wakuu Mungu awalipe. Yule mtu kapiga tena saa tatu na nusu, nikamuuliza kituo na kesi namba, kanyamaza, akasema mimi nina dharau, namuua mdogo wangu kwa mikono yangu. Maneno hayo yamenichoma, nimekata simu natetemeka. Hajapiga tena.

Mama wa Kitanga kaenda na mumewe, kituo cha kwanza hayupo, cha pili wamemkuta. Yuko mzima, kaandikwa kwa kukosa kibali, muda wake kwenye pasi uliisha. Kesi namba ninayo. Mahakamani ni Jumatatu. Wamemruhusu kumwona dakika chache, kampa ujumbe wa kutosaini na wa kuomba mkalimani. Dogo kamuuliza kitu kimoja tu, eti mama anajua? Pasi yake ilibaki chumbani, imepatikana.

Swali, Jumatatu huyo mama aende na nini? Na akikubali tu kurudi nyumbani si ndo rahisi?

---

wakili_wa_kona:
Afadhali amepatikana. Jumatatu aende na pasi yenyewe pamoja na kopi, original isikabidhiwe kwa mtu yeyote koridoni, ionyeshwe kwa wakili tu. Aende na uthibitisho wa anapoishi dogo, barua ya mwenye nyumba au risiti ya kodi, kwa sababu hakimu kwenye dhamana anachotaka kujua ni kama huyu mtu atapatikana kesho. Mgeni asiye na anwani ananyimwa kirahisi. Afike mapema kabla majina hayajaanza kuitwa, aulize ofisi ya Legal Aid iko wapi hapo mahakamani, wakili wa zamu wanamkuta pale, ampe kesi namba na aeleze yote ndani ya dakika tano maana ana watu wengi.

Kuhusu kurudi, hilo aamue yeye na wakili, siyo sisi huku nje. Kuna gharama moja mjue. Aliyezidisha muda zaidi ya siku 30 akiondoka anawekwa kwenye orodha ya wasiotakiwa kuingia kwa miaka 5. Kama ana mtoto au mke kule hilo ni jambo zito, linahitaji kusemwa mbele ya hakimu mapema, akishapandishwa basi la kurudishwa ni shida kulirekebisha. Muulizeni kwanza.

---

Mzigua_Jobegi:
Dada nimekutumia ujumbe pembeni. Jumatatu nina zamu ya mchana, asubuhi naweza kwenda na huyo mama, pepa zangu ziko sawa. Hela ya dhamana kama itapangwa msimtumie mtu mwingine, hata mimi msinitumie, mtumieni huyo mama aliyemuona kwa macho, alipe mwenyewe dirishani na aipige picha risiti palepale akutumie. Na umwambie mama yako dogo kala, huyo mama kamwachia mkate na maziwa mapokezi na askari kaandika kwenye kitabu.

---

DadaWaPangani:
Nimemsomea. Amelia sana ila sasa hivi amekubali kumeza dawa. Mjomba nimempigia, biashara ya minazi tumeifuta. Jumatatu nitaleta taarifa hapahapa.