Naomba ushauri: mzaha wa nyanya unavunjikia kwenye kitenzi

Wadau, nina kichekesho cha mama mboga wa Kibuye, Kisumu, na mteja wake. Kinasimama juu ya nyanya: ya kachumbari, na mama wa mzazi (bibi kwetu ni mke, tusiingie huko).

"Nyanya yako" haisumbui, inafaa kote kuwili. Kinachoharibu ni kitenzi. Ukisema "imeiva" ajuza ametoka. Ukisema "ameiva" mboga imetoka, na mzaha unakufa mapema. Hata "umekata nyanya" si "umemkata nyanya". Kinachoshika ni "ni" pamoja na sifa zisizobadilika: "Mama, nyanya yako ni laini, lakini ghali!"

Mboga nyingine za mzaha kama huu, sukuma (wiki) na saga (mboga ya kienyeji), ni rahisi, zote ni amri pia. Mwenye mkokoteni akisikia "Sukuma!" anasukuma. Ongeza tu "wiki" na ameshajua.

Sasa, turudi kwa nyanya: aliyedhani ni ajuza agundueje kosa bila kuelezwa? Nafikiria bei: "Nyanya sita, mia." Tatu ingedai "watatu" kwa watu, sita haibadiliki, na nani ana nyanya sita? Inatosha, au ni ndefu mno? Na waliozoea kusema dani (nyanya kwa Kijaluo) nyumbani, watacheka?